Kiti cha Mastura na Mpira wa Msumarini

Jamaa zangu wa Nakuru, nina neno, na nitalisema hata kama wengine watanuna.

Mnaikumbuka nyumba ya Muhidin, fundi wa baiskeli, kule chini karibu na ziwa, miaka ile ya hamsini? Ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi Muhidin alitundika baiskeli za watu chini ya bati la karakana yake, na dada yake Mastura alikaa mlangoni akichambua mchele huku akiimba kwa sauti ya chini. Mastura alipooza miguu tangu utotoni. Alikuwa na kiti cha magurudumu, ambacho marehemu baba yao, mpishi wa mzungu mmoja wa Njoro, alipewa baada ya memsahibu wake kufariki. Kilikuwa kiti kizuri, chenye magurudumu makubwa kama ya baiskeli.

Shida ilikuwa miiba ya migunga. Njia yote ya kupanda mjini ilijaa miiba, na kila Mastura alipotoka alirudi na pancha. Mwishowe kiti kiliwekwa kando, tairi zimelala, na Mastura akabaki mlangoni. Huko mjini, mtaa wa Bondeni, alikaa nyanya yao aliyewalea. Macho ya nyanya yalikuwa yameingia ukungu na magoti yake yamegoma. Basi wawili hawa walitamani kuonana, wakaishia salamu za wapita njia tu.

"Mwambieni Mastura nataka kumpapasa uso," nyanya alikuwa akituma. "Siku hizi naona kwa mikono."

Mastura akipata salamu hizo aliacha kuimba. Alitamani mikono ile kuliko chakula.

Dawa ya pancha Muhidin aliijua. Alipata mpira mnene wa kumwagilia maji, uliotupwa na shamba moja la wazungu. Mpira kama huo ukitiwa ndani ya tairi mahali pa tyubu, mwiba uchome utakavyo, hakuna upepo wa kutoka. Akakata vipande viwili, kila kimoja kirefu kidogo kuliko gurudumu linavyotaka, ili ncha zikutane na kubanana. Akavitundika msumarini.

"Kesho nitavitia," akasema.

Kesho hiyo, jamani! Muhidin alikuwa na ugonjwa wa kupenda sifa. Wanywa kahawa wa baraza la karibu na stesheni walimwita "fundi wa watu", naye akavimba kichwa. Mtu wa nje akiita, aliacha hata sahani ya wali ikiwa moto. Lakini dada yake angemsifia wapi, na yeye hatoki mlangoni? Mfinyanzi hulia gaeni, wazee walisema, ila huyu mfinyanzi alikula kwenye sahani nzima, akamwachia dada yake kigae.

Siku moja akaja Obeid, muuza kahawa, toroli lake linagonga mawe kwa kukosa mpira. Muhidin akatazama huku na huku, akashika kisu, akakata shibiri nzima kutoka kwenye kipande kimoja cha mpira wa msumarini.

"Kaka, huo si wangu?" Mastura akauliza.

"Ni kidogo tu. Nitatafuta mwingine."

Jioni hiyo Obeid alimsifu mbele ya baraza zima. Mpira mwingine haukutafutwa.

Ndipo Ijumaa moja Naliaka, jirani yao, akarudi kutoka sokoni akihema. "Mastura! Mjomba wako amekuja kumchukua nyanya, wanahamia Mombasa. Treni ni leo alasiri. Anasema uje stesheni akupapase kabla hajaenda."

Mastura akashika mlango kwa mikono miwili. "Kaka, nibebe mgongoni twende."

"Nipite barazani nimebeba mtu mgongoni, fundi mzima kama mimi? Ngoja, nakitengeneza sasa hivi."

Naliaka akatangulia kumwambia nyanya kwamba wanakuja. Muhidin akalainisha tairi kwa maji ya moto, akazipandisha kwa vijiko, vile vyuma vya kupandishia tairi. Gurudumu la kwanza likakaa vizuri. La pili mpira haukufika, pengo likabaki, naye akalijaza matambara.

"Itatufikisha," akasema.

Haikuwafikisha. Kwenye kokoto za karibu na reli, matambara yalihama, tairi likajikunja pale penye pengo, likachomoka na kukwama. Kiti kikainama, Mastura akaanguka vumbini. Muhidin alikuwa bado anahangaika na kijiko treni ilipopiga honi.

Sasa ndipo alipombeba. Alipita naye mbele ya baraza akilia, na hakuna aliyemcheka. Walipofika stesheni palibaki moshi, na Naliaka akijifuta macho.

"Alinyoosha mkono dirishani," Naliaka akasema. "Nikampa uso wangu nikidhani nitamfariji. Akanigusa mara moja tu, akasema, 'Huyu si Mastura wangu.' Treni imeondoka na mkono wake uko nje."

Nyanya alifariki huko Mombasa kabla ya mvua za masika.

Muhidin alitafuta mpira mpya, akautia bila pengo. Kiti kile hakikujua mwiba tena. Kila Ijumaa alimsukuma dada yake mpaka stesheni, akilipita baraza bila kugeuka, na Mastura alikaa hapo hadi treni ya pwani iondoke.

"Dada," alimwambia siku moja, "popote unapotaka kwenda sasa, nitakupeleka."

"Nilitaka kwenda mahali pamoja tu," Mastura akajibu.

FUNZO

Jamaa zangu, wema unaoanzia barazani na kuishia kwenye kizingiti cha nyumba yako si wema, ni kutafuta jina. Wa nyumbani hakusifu, ndiyo maana haki yake ni rahisi kuikata shibiri moja moja. Usimkatie. Na kama kwenu yuko mtu anayesubiri mlangoni, usimwambie kesho. Funga kitabu hiki, uende ukatazame magurudumu yake.