Mashua ya Ziwani kwenye Maji ya Magotini

Injini iligonga gogo lililojificha chini ya maji, na kwa kuwa Rigobert alikuwa ameikaza kwa komeo isiinuke, haikuinuka. Iling'oka. Iliondoka na ukuta wote wa nyuma wa mashua, ikazama huku bado inanguruma, na Mto Minnesota ukaingia ndani bila kubisha hodi.

Mashua ilisimama ghafla. Mugisha, aliyeketi mbele akifunga ndoano, hakusimama. Alirushwa kichwakichwa hadi kwenye rundo la miti iliyoletwa na mafuriko, na Rigobert akasikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni.

"Shemeji!"

Naye Rigobert akaporomoka majini.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mashua hiyo. Ilikuwa mashua nzuri, mahali pengine. Rigobert alizaliwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ukitoka ufukweni kidogo tu, chini hakupo tena. Mtu wa huko haogopi kilicho chini. Anaogopa wingu, upepo na wimbi. Basi mwezi wa tano, alipokwenda na Mugisha kuchagua mashua ya kuvulia, alipita moja kwa moja hadi kwenye ile yenye tumbo la kina, kuta ndefu na mkuku wa kupasulia mawimbi. Akachagua na injini ya mguu mrefu, propela yake ikining'inia chini kabisa, ili wimbi lisiiache ikizunguka hewani. Wimbi gani, katika mto ambao kabla ya baridi kuingia ng'ombe anauvuka bila kulowesha tumbo? Aliyeuliza alikuwa mmoja tu, naye alichekwa.

Huyo alikuwa Mugisha, mdogo wa mkewe. Alikulia milimani, hakujua kuogelea, lakini alikuwa ametazama video za mito hadi macho yakamwuma. Alitaka mashua bapa, na injini isiyo na propela, ile inayofyonza maji na kuyatema nyuma kwa nguvu, inayopita hata penye maji ya kiganja.

"Hii si mashua, ni karai," Rigobert alimwambia. "Dada yako akafulie nguo humo."

"Na yako ni meli. Mto wa kuibeba uko fasi gani?"

"Mchunga ng'ombe atanifundisha maji?"

"Mla ndagala, sikiliza kwanza."

Hakusikiliza. Wawili hao, mmoja wa ng'ombe na mmoja wa ndagala, dagaa wa ziwani, walikuwa wakitaniana kwa matusi tangu siku ya posa, na katika utani neno la maana hupotea kirahisi. Lakini Mugisha ndiye ndugu pekee aliyembakia Pascasie baada ya vita. Asubuhi ile, walipokuwa wakitoka nyumbani kwao, mtaa wa Phillips mjini, Pascasie alimshika mumewe mkono mlangoni, akamwita kwa jina la mtoto wao, na hakuwa akitania. "Papa Heri, unirudishie mdogo wangu."

Maji yalimfika Rigobert kifuani alipoanguka, halafu kiunoni, halafu magotini. Alikuwa amezamisha mashua mahali ambapo mtoto angesimama. Baridi ya mwezi wa kumi ilimkamata mbavu, pumzi ikagoma, lakini alisogea akishikilia matawi hadi akamfikia shemeji yake. Jaketi la kuelea lilikuwa limemning'iniza Mugisha kwenye tawi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda pasipo na kiungo, na kijiti kinene kama kidole gumba kilikuwa kimezama pajani.

"Usikivute," alisema Mugisha, meno yakigongana. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee huko Golden Valley, na mambo ya vidonda aliyajua. "Kikitoka, damu yote itatoka. Kivunje, kibaki kifupi. Halafu funga mshipi wa suruali juu yake."

Rigobert alikivunja, akafunga mshipi. Mugisha alilia kwa sauti ambayo Rigobert hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, hata wakati wa kukimbia vita. Alimburuta hadi kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, akaufunga mguu na kipande cha kasia.

"Simu?"

"Zote mbili zimekufa."

"Moto?"

"Kiberiti kimelowa."

"Basi nisikie vizuri," alisema Mugisha. "Saa hii niko natetemeka, ni vizuri. Nikiacha kutetemeka, ujue ni mbaya. Uniongeleshe. Nikikosa kujibu, unipige."

Juu yao ndege zilipita moja baada ya nyingine zikishuka kuelekea uwanjani, zimejaa watu waliojifunga mikanda, joto limewakolea. Rigobert alipunga mikono hadi mabega yakauma. Nani ataona vitu viwili vyeusi kwenye matope?

Akaifikiria mashua. Angemlaza Mugisha ndani na kuisukuma kwenye maji haya mafupi, kama toroli, hadi walikoacha gari. Alirudi akaivuta. Ile bapa angeiburuta peke yake. Hii ilikuwa imejaa maji, na mkuku wake umejichimbia mchangani kama jembe. Aliivuta hadi akatapika. Aliipiga teke, aliitukana, aliomba Mungu, akaivuta tena. Haikusogea hata kidogo. Alisimama akiitazama mashua aliyoichagua mwenyewe, na aibu ikampanda hadi masikioni, moto, katikati ya baridi ile yote.

Kutoka upande wa kusini, nyuma ya msitu, ulisikika mngurumo wa mashine.

"Barabara?" aliuliza Mugisha.

"Hapana, haipiti. Inakwenda, inarudi. Ni mtu anavuna."

"Mbali?"

"Kidogo," alisema Rigobert, na alikuwa akidanganya.

Alichuchumaa, akamweka mgongoni. Akavuka mkono wa pili wa mto, maji yakimkata mapajani, akapanda ukingo kwa magoti na viwiko. Msitu ule haukuwa na ardhi, ulikuwa na tope. Kila hatua ilimmeza hadi gotini, na kila mara alipouchomoa mguu, mtu aliye mgongoni alipiga ukelele. Kiatu kimoja kilibaki humo. Hakurudi kukitafuta.

"Mchunga ng'ombe!" aliita, akihema.

"Mla ndagala."

"Unanuka maziwa."

"Na wewe... unanuka ziwa lako."

"Uzito gani huu? Dada yako anakulisha mawe?"

"Ugali wako wote... ndio niko nakula."

Waliendelea hivyo, tusi kwa tusi. Kila Mugisha alipojibu, Rigobert alipata nguvu ya hatua nyingine. Lakini majibu yalianza kuchelewa, halafu yakawa mguno tu. Kisha Rigobert akahisi jambo lililomtia hofu kuliko maji: mgongo wake ulikuwa umetulia. Mtetemo wa Mugisha ulikuwa umekoma.

"Mchunga ng'ombe!"

Kimya.

Alimpiga paja kama alivyoagizwa. Alimtukania ng'ombe, akamtukania mlima, akayatukana masikio yake makubwa. Aliyaita matusi yote waliyowahi kutupiana tangu posa, na yalipokwisha akalia waziwazi, kama mtoto, huku akitembea. Hakuona msitu ulipoishia. Alijikwaa kwenye mashina makavu ya soya, akaanguka kifudifudi na shemeji yake juu yake.

Mashine ya kuvunia ilisimama. Mwanamke mzee mwenye kofia ya sufu alishuka ngazi upesi kuliko umri wake. Jina lake Velma, walilijua baadaye.

"Amekufa?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Bado."

"Ni nani wako?"

Rigobert hakuwa na Kiingereza cha shemeji kichwani, wala hakukitafuta. "Ndugu yangu," alisema. Velma alikuwa tayari amevua koti lake, simu iko sikioni.

Madaktari waliokoa roho. Mguu waliukata chini ya goti. Pascasie hakumlaumu mumewe. Alimshika mkono kwenye korido ya hospitali, akamwambia, "Umenirudishia." Ilimwuma kuliko kofi.

Mugisha alipotoka aliletwa Phillips, akawekewa kitanda sebuleni. Rigobert alimngoja. Alijua tusi linakuja, na alilihitaji kama mgonjwa anavyohitaji dawa chungu. Aliyeonya alikuwa yule, aliyecheka alikuwa yeye. Wiki zikapita, theluji ikaanguka, tusi halikuja. Jumapili moja baada ya kanisa alishindwa kuvumilia, akavuta kiti.

"Shemeji, sema basi. Ulitaka mashua bapa, nikakucheka. Mguu wako ni juu yangu. Nitukane."

"Hapana, papa."

Mugisha hakuwahi kumwita baba.

"Juu ya nini hutaki?"

"Ulinibeba mgongoni," alisema Mugisha taratibu. "Mtu aliyekubeba mgongoni ni mzazi. Mzazi hatukanwi."

"Mchunga ng'ombe wewe," alisema Rigobert, akasogea karibu. "Unanuka maziwa. Jibu."

Mugisha aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayesalimia wakubwa.

"Umeshakula, papa?" aliuliza.