Tatu Iliyogeuzwa Nane

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Reine alifuta kioo cha mbele cha Pijo, gari la baba yake. Vumbi la Likasi halina adabu. Ukilifuta saa kumi na mbili, saa moja limesharudi. Alifuta kioo chote isipokuwa pembe ya chini, palipobandikwa karatasi ya bima. Hapo hakupenda hata kupatazama.

Bima ile ilikuwa imekwisha tarehe 31 mwezi wa tatu, 1994. Baba Godefroid, aliyebeba mizigo ya watu kwa gari hilo tangu alipopoteza kazi mgodini, alishindwa kuilipia upya, maana bei ilipanda kila wiki. Basi siku moja alimwita binti yake, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika darasa la sita.

"Weye iko na mukono muzuri. Ile tatu, uifunge, ikuwe nane."

Reine aliifunga kwa wino mweusi. Machi ikawa Agosti. Baba alicheka, akamnunulia andazi, na mtoto akalila kwa fahari.

Jumamosi moja ya Juni walikuwa wakiteremka barabara ya Kikula na magunia ya unga. Mbele yao mzee mmoja alisukuma baiskeli iliyopakiwa makaa. Baba, mwenye haraka zake, akataka kumpita. Ghafla lori likatokea mbele. Baba akakata usukani kulia, na kishindo kikasikika. Makaa yalitapakaa barabarani. Mzee alikuwa chini, mguu wake umevunjika.

Watu wakajaa. Wengine walikuwa tayari wameshika mawe.

"Kimbia! Batakuua!" mtu alipiga kelele.

Lakini Baba alishuka, akambeba mzee, akampeleka hospitali. Hilo alilifanya vema, na tumpe haki yake.

Huko hospitalini afisa wa polisi alichukua ufunguo wa gari, akabandua ile karatasi kiooni. Aliisoma polepole.

"Mwezi ya nane. Bon. Lundi nitaipeleka ku biro ya asiransi. Bao njo batalipa mugonjwa."

Hadi Jumatatu, siku ya kuipeleka karatasi ofisi ya bima, zilibaki siku mbili tu.

Nyumbani, Papy, mdogo wa Baba, alikuwa na shauri moja kwa kaka yake. "Yaya, kimbilia Lubumbashi. Gari ibakie." Reine hakuweza kula. Alijua kule bironi kuna daftari lenye tarehe ya kweli. Aliwaza gereza kubwa la Buluo, na Baba ndani yake.

"Baba, twende kwa Maman Clotilde," alisema. Clotilde, jirani yao, alikuwa karani wa mahakama.

"Kufanya nini? Atajua yote!"

"Baba, ile nane njo minye niliandika. Bakikufunga, njo minye nitakuwa nimekufunga." Akaangua kilio.

Baba akavaa viatu.

Clotilde aliwasikiliza bila kuwakatiza. "Godefroid, kuendesha bila asiransi ni kosa. Amende, ile faini, utalipa, na mugonjwa utamutunza weye mwenyewe. Lakini unaweza kupatana naye, mu maandiko, mbele ya bashahidi. Papier ya uongo, ile karatasi yenu, ni kosa ingine. Ikifika ku biro, batakupeleka Buluo. Na ukikimbia, hakuna mutu atakusikiliza tena."

"Na kama nasema mwenyewe?"

"Batakasirika. Lakini utakuwa umesema kabla ya kuulizwa."

Jumatatu alfajiri walikuwa mlangoni pa ofisi ya afisa. Baba alisema yote. Afisa alipiga meza kwa kiganja.

"Nani aliandika hii?"

"Ni minye," Reine alisema.

"Mutoto, nyamaza," Baba alisema. "Minye njo nilimutuma. Kosa ni yangu."

Baba alilala mahabusu siku nne. Hakimu alimkaripia mpaka jasho likamtoka, akamtoza faini, na gari likazuiwa hadi bima ya kweli ilipwe. Kwa kuwa alijileta mwenyewe, hakupelekwa Buluo. Aliuza redio na kabati, akalipa bima.

Jumapili, baada ya kanisa, walikwenda hospitalini na Clotilde. Yule mzee, Symphorien, aliinua kichwa.

"Falanga yako sitaki sana," alisema. "Ya leo, kesho itakuwa ya kufungia karanga. Minye iko na makala ya jiko mu pori na mugulu moja tu. Weye iko na motokari. Unibebee makala mpaka nitembee."

"Nitabeba, Papa. Na dawa nitalipa," Baba alisema.

Clotilde alitoa karatasi, akampa Reine kalamu. Reine akarudi nyuma.

"Minye? Na huu mukono?"

"Huu huu," Clotilde alisema. "Mukono haina kosa. Kosa ni ile uongo banaituma kuandika. Asiransi siyo ya kudanganya polisi, mwanangu. Ni ya kumulinda mutu kama Papa Symphorien. Sasa andika ukweli, na uandike muzuri."

Reine aliandika mapatano yote. Mwisho akafika kwenye tarehe. Ilikuwa Julai, siku ya tatu. Aliandika 3, akaitazama kidogo, akaiacha wazi.