Tangawizi Isiyowasha

Jua lilikuwa linazama Rosalie alipofika kwa jirani yake, Orpha Nkulu, kuomba tangawizi. Binti wa Rosalie, Gloire, mtoto wa miaka sita, alikuwa akikohoa mpaka anatapika. Dawa ya maji waliyopewa kwenye zahanati ilikuwa imekwisha, naye mtoto alizidi kukonda.

Orpha alikuwa amevuka mpaka na mbegu ya tangawizi hiyo kutoka Pweto, imefungwa kwenye pindo la kitenge. Sasa ilikuwa imeota vizuri pembeni ya shamba lake hapo kwenye kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Akachimba kipande, akakifuta udongo kwa kidole gumba.

"Uiponde, uichemushe, usitie sukari. Itamuwasha kwa shingo, atalia. Akilia ni muzuri, dawa imefika. Lakini, Mama Gloire, ukibeba dawa usijibu mutu njiani."

"Hata akinisalimia?"

"Weye na kinywa yako! Hata mbuzi ikilia unaiitikia. Leo funga."

Rosalie akacheka, akaondoka.

Njia ilipita katikati ya mihogo. Giza lilikuwa linaingia. Hakuna jani lililotikisika. Kisha, nyuma yake...

Kho. Kho.

Alikijua kikohozi kile. Kilianza kikavu, kikaishia kwa mluzi mwembamba.

"Gloire? Ni weye?"

Akageuka. Mihogo tu.

Ndipo alipokumbuka. Amejibu.

Akakimbia.

Nyumbani alimkuta Gloire ameketi wima juu ya mkeka, kifua kimetulia. Hakohoi. Rosalie akamshukuru Mungu, lakini akachemsha tangawizi vilevile. Harufu yake kali ikajaa nyumba nzima. Kabla hajakipuliza kikombe, mtoto akakinyakua, mvuke ukiwa bado unatoka, akanywa mpaka chini. Hakukunja uso. Hakupepesa macho.

"Haikuwashi?"

"Ni maji tu," mtoto akasema. "Leta ingine."

Kho. Kho.

Nje. Mlangoni.

"Mama... unifungulie. Nilikufuata kwa njia. Uliniita, kisha ukanikimbia."

Rosalie akatazama mlango, akatazama mkeka. Mmoja kati ya hawa ni mwanawe. Akakata kipande kibichi cha tangawizi, akakisukuma chini ya mlango.

"Tafuna," akanong'ona.

Meno madogo yakatafuna. Kisha kilio.

"Mama, inawasha! Inaniwasha kwa shingo!"

Rosalie akashika komeo. Hakuthubutu kutazama nyuma.

Nyuma yake, juu ya mkeka, kitu kile kikavuta pumzi. Kikajaribu kukohoa, kikashindwa. Kikajaribu tena.

Safari hii kikohozi kilitoka kikavu, na mwishoni kikapiga mluzi mwembamba.

"Mama," kikanong'ona, karibu kabisa na sikio lake. "Sasa inawasha."