Mstari wa Chaki Kwenye Skrini

Asubuhi ile ilikuwa shwari. Katika kituo cha kuongozea taa za jiji, Mwewe alikuwa anakunywa chai mbele ya ukuta wa skrini, akimtania binti wa meza ya pili kwamba leo hata magari yana adabu. Jina la Mwewe alipewa na wenzake kwa ukali wa macho yake. Namba ya gari ambayo wengine waliiona ukungu mtupu, yeye aliisoma.

Ndipo mlinzi alipomwingiza fundi cherehani, mama wa makamo, chaki ingali vidoleni. Mwanawe alikuwa amegongwa akivuka makutano ya sokoni, taa ikimruhusu, na gari halikusimama. Alichotaka ni kuonyeshwa picha za kamera, basi.

Mwewe alizijua picha hizo. Gari lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu ambaye kwake taa nyekundu ni pambo tu, maana kila alipoharibu alipiga simu na Mwewe akafuta. Hizo nazo alizifuta jioni ileile ya ajali, roho yake kwatu.

"Kamera ya pale ilikuwa imeharibika, mama," alisema. "Sikuona kitu. Pole sana."

Uongo ulimtoka bila kigugumizi, na hilo ndilo lililommaliza. Mama hakulia. Alisogea hadi kwenye skrini ya sokoni, akapitisha kidole juu ya kivuko, akaacha mstari mweupe.

"Mwanangu hukumwona," alisema taratibu. "Haya. Na wewe usionekane."

Akajiendea zake. Binti alichukua kitambaa aufute mstari. Haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani wa kioo.

Mwewe alicheka. Mchana kicheko kikamkauka, pale mlango unaojifungua wenyewe ulipogoma kumfungukia. Alipunga mikono mbele yake kama mwehu mpaka mwenzake alipopita. Nyumbani mkewe alipakua chakula, sahani ya mumewe akaisahau. Kitindamimba wake, ambaye kila jioni humrukia shingoni, alimpita ukumbini akiuliza, "Mama, baba hajarudi?" Mwewe akamshika bega. Mtoto alijikuna tu, akaendelea kucheza.

Kulipokucha alifunga safari kwenda kwa yule mama, akamwangukie miguuni na kusema kweli yote, kabla kitindamimba wake hajazoea kuishi bila baba. Chumba cha cherehani kilikuwa ng'ambo ya makutano ya sokoni. Magari hayakumpisha hata moja. Akampigia simu binti wa kituoni.

"Niko kivukoni sokoni," alinong'ona. "Nifungie magari. Pande zote nyekundu."

Binti aliikagua skrini. "Kaka, mbona pale hakuna mtu?"

"Nifungie tu, dada yangu. Nakuomba."

Binti alibonyeza. Magari yakasimama. Mwewe akashuka barabarani. Hatua moja. Nyingine. Ng'ambo cherehani ilisikika ikienda bila kupumzika. Alikuwa katikati aliposikia honi anayoijua.

Gari moja lilichomoka pembeni ya yaliyosimama. Halijawahi kuogopa nyekundu.

"Shemeji!"

Shemeji alikuwa anamtazama usoni kabisa. Akakanyaga mafuta.

Cherehani ikanyamaza.

Kwenye skrini binti aliona boneti ikibonyea yenyewe. Shemeji alishuka, akachungulia uvunguni, akaangaza huku na huku. Hapakuwa na mtu wala tone la damu. Akaondoka. Simu ya binti ilikuwa bado haijakatika. Upande wa pili mtu alikuwa anahema, kisha hakuhema tena.

Kesho yake shemeji alipiga simu kituoni. Alisema anakuja, na picha zake za jana zifutwe kama kawaida. Binti alikata simu. Alikuwa anamkumbuka yule mama, na jinsi yeye mwenyewe alivyokaa kimya siku ile akisikiliza uongo.

Muda si mrefu mlango ukagongwa. Mlango ule haugongwi, hujifungua wenyewe. Binti aliangalia kamera ya nje. Ngazi zilikuwa tupu.

"Nifungulie, dada," sauti ya shemeji ikasema nyuma ya mlango. "Mbona nimesimama hapa hapa?"

Binti hakuinuka. Aligeukia skrini ya sokoni. Kando ya mstari wa chaki palikuwa na mwingine, mpya, na chumbani hakuwa ameingia mtu. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe.