Koo la Pango

Silima, kijana aliyewaongoza pangoni, alitumbukiza kichwa majini, akazama hadi kiunoni, kisha akaibuka akikohoa na kutema chumvi.

"Koo limeziba," alisema.

Rukaiya hakuelewa mara moja. Koo ndilo jina ambalo watembeza wageni wameupa ule upenyo mwembamba unaounganisha ukumbi wa mbele wa pango na ukumbi wa ndani. Mchana ule walipita hapo kwa magoti, wakicheka, maji yakiwalowesha viganja tu. Sasa upenyo wote ulikuwa umezama. Huko nyuma ya kijiji cha Bwejuu maji hupita chini ya mawe, yakapanda na kushuka kwa kufuata bahari, na wakati huo yalikuwa yamekwishamfika Rukaiya mapajani.

"Limeziba vipi? Si ulisema tuna nafasi mpaka alasiri?"

"Nilisema." Silima alijipangusa uso. "Maji yamekuja mapema, Bi Rukaiya. Hata mimi sielewi."

Nyuma yao, juu ya jiwe, Yusra alikuwa ameshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili. Aliteleza walipokuwa wanageuka kurudi, na mguu ulishavimba. Yusra alikuwa mdogo wake Rukaiya, kitindamimba, mtoto wa kisiwa asiyejua kuogelea, jambo ambalo nyumbani kwao Mkunazini lilikuwa mzaha wa kila siku. Aliposita mdomoni mwa pango ni Rukaiya aliyemcheka. "Ingia, wee! Woga utakuzeesha kabla hujaolewa." Sasa Rukaiya alitamani kuyameza maneno yale, lakini neno likishatoka halirudi.

Walimbeba Yusra hadi mwisho wa ukumbi, mahali ambapo sakafu huinuka na dari lina ufa wa upana wa kiganja. Mizizi ya mtini ilining'inia kutoka kwenye ule ufa, na mwanga kidogo wa jua ulipenya. Walisimama chini yake wakapiga kelele. Waliita kwa zamu, kisha wote pamoja, mpaka sauti zikawakauka. Huko juu kulikuwa na vichaka na mawe makali tu, na hata wale ambao kwa kawaida hupita kutafuta kuni walikuwa majumbani mwao wakila sikukuu.

Maji yaliwafuata. Yalipanda bila kelele wala wimbi, yakafika kiunoni, yakaanza kupanda mbavuni.

Silima alimvuta Rukaiya pembeni, ingawa katika ukumbi ule hapakuwa na pembe ya siri.

"Nisikilize. Maji yatajaa mpaka karibu na magharibi. Kwa mwendo huu, dari halitatubakishia hewa. Koo naweza kulipita kwa pumzi moja. Na wewe unajua maji kidogo, naweza kukuvuta."

"Na Yusra?"

Silima alikaza mkanda wa kofia yake ya tochi.

"Nimekuuliza, na Yusra?"

"Atavuta maji katikati, atanikamata, tutakufa sote. Na hata tukileta watu, watapita wapi kabla maji hayajapwa?"

"Basi siendi."

"Dada, nenda." Yusra alikuwa amesikia kila neno. Meno yalikuwa yakimgongana. "Nenda, tafadhali. Nani atamwambia mama?"

"Nyamaza! Mama utamwambia mwenyewe."

Alisema hivyo kwa ukali. Aliogopa kufa, na akili yake, bila kumwomba ruhusa, ilikwishaanza kupima urefu wa Koo na pumzi yake mwenyewe. Alijichukia kwa hilo. Hasira ile akaigeuzia kwa Silima.

"Hebu niambie, wewe haya maji uliyahisabu vipi?"

"Kwa mwezi. Mama yangu analima mwani, ndiye aliyenifundisha. Mwezi fulani, maji hujaa saa fulani. Siku zote huwauliza kinamama wakirudi kutoka mwanini, lakini leo sikukuu, hakuna aliyeshuka pwani. Nikahisabu mwenyewe. Leo mwezi nne, siku ya nne tangu uandame, yanajaa magharibi inapokaribia."

"Mwezi nne?" Yusra alidakia. "Leo si Idi tatu?"

"Kwenu. Sisi kwetu leo Idi nne. Tulifuata mwezi ulioandama nchi za nje."

Hakuna mtu wa Unguja asiyelijua hilo. Nyumba hii inapakua biriani, ya jirani bado imefunga, na mtaa mzima unatupiana vijembe mpaka sikukuu ziishe. Rukaiya mwenyewe alishavirusha vingi. Lakini safari hii hakurusha kitu. Alisimama, maji yakimfika kifuani, akiifuata fikra iliyokuwa ikimjia polepole.

"Silima. Mama yako yeye anahisabu mwezi upi?"

"Mwezi ni mmoja, Bi Rukaiya. Ukionekana popote..."

"Sikuombi fatwa! Nnakuuliza habari ya mama yako."

Silima alianza kuhisabu upya kwa vidole. Tochi ya kofia yake ilimulika maji, kisha ikamulika ukuta.

"Wa hapa hapa," alisema hatimaye. "Haamini mpaka auone kwa macho yake. Saa alizonifundisha ni za mwezi wake. Subhanallah! Mimi nimechukua saa zake nikazitia kwenye mwezi wangu."

"Kwa hivyo leo kwa bahari ni mwezi tatu."

"Maji huchelewa karibu saa nzima kila siku. Ya mwezi tatu huyatangulia ya mwezi nne, ndiyo maana yametuwahi." Alivuta pumzi. "Na yatasita mapema vilevile. Huenda yakasita kabla ya kufika darini."

"Una hakika?"

"Sina."

Rukaiya alimtazama mdogo wake. Ingekuwa rahisi zaidi kama Silima angesema uongo. Alitaka hakika na hakika haikuwapo, na kila dakika ya kufikiri ilikuwa inakula pumzi ya kupitia Koo.

"Tunakaa," alisema. "Wewe ukitaka kwenda, nenda. Sitakulaumu."

Silima alitazama upande wa Koo kwa muda. Kisha akapiga hatua, akamwinua Yusra upande mmoja, Rukaiya akamwinua upande wa pili, na kichwa cha binti kikaingia kati ya mizizi, pua yake ikiwa ufani.

Maji yalifika mabegani. Rukaiya alikumbatia mapaja ya Yusra, akafunga vidole vya mkono huu ndani ya vidole vya mkono ule. Baridi ilimpanda kutoka miguuni, ikachukua hisia za magoti, kisha za kiuno. Alisoma dua ya Nabii Yunus tumboni mwa samaki. Alipokosea, Silima aliichukua akaendelea, huku akilia waziwazi. Maji yalifika kidevuni. Rukaiya aliinua uso, akasimama kwa ncha za vidole, masikio yakazama, na tangu hapo hakusikia tena ila moyo wake. Chumvi ilimgusa mdomo. Aliufunga akabaki na pua. Msuli wa mguu ulimkaza akataka kupiga ukelele, lakini hakuwa na mdomo wa kupigia.

Ee Mola, nichukue mimi. Kisha, kwa ukweli wote: usinichukue.

Hakujua alisimama hivyo kwa muda gani. Alichohisi ni vidole vya Yusra vikimpigapiga utosini, tena na tena, kwa nguvu. Aliinua sikio moja nje ya maji.

"Mzizi, Dada! Huu hapa, nautazama tangu zamani. Hauzami tena!"

Walisubiri wakiogopa hata kufurahi. Baadaye maji yalimwachia Rukaiya mdomo, baadaye kidevu, na Silima akasema alhamdulillah kwa sauti iliyopasuka.

Koo lilipofunguka kulikuwa kumeshaingia giza. Silima alitangulia akivuta, Rukaiya akisukuma, na Yusra katikati akilia kila jiwe lilipougusa mguu. Walipofika ukumbi wa mbele Rukaiya alimbeba mdogo wake kifuani, akakataa kusaidiwa. Mdomoni mwa pango palikuwa na tochi na watu wa Bwejuu, walioona pikipiki ya Silima imelala pale tangu mchana.

"Nisamehe," Silima alimwambia kabla hawajatoka.

"Ntakusamehe. Lakini si leo."

Mwanamume mmoja aitwaye Makungu aliteremka na shuka mkononi. "Tupe mgonjwa, bibie, tumpakie garini."

Rukaiya alitaka kumpa. Aliiamuru mikono ifunguke, nayo haikufunguka. Vidole vilikuwa vimefungamana vile vile kama ndani ya maji, vyeupe, havina habari.

"Mwachie, bibi. Ashafika."

"Nnamwachia," Rukaiya alisema, na ndipo machozi yalipomtoka. "Wallahi nnamwachia. Nisaidieni."

Ikabidi wamfungue kidole kimoja kimoja.