Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Asubuhi ile Sindano alikuwa kazini kwake kama kawaida, amepiga goti juu ya kiti cha lori, anavuta kava kwa koleo huku pini amezibana midomoni. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Jina la Sindano alipewa na majirani, naye alilipenda, maana linapokuja suala la uzi alikuwa mtu wa kujisikia kidogo. Ungemletea kiti kimekuwa matambara, angekurudishia ukakikana. Mkewe alikaa pembeni kwenye kigoda akimpunguzia nyuzi zilizozidi, tumbo limeshaanza kuchomoza chini ya gauni.

Tumbo hilo ndilo lililokuwa habari ya nyumba. Mimba zilizotangulia ziliharibika, na kila moja iliondoka na kipande cha ucheshi wa mama huyo. Wanawake wa mtaani walikuwa bado wanamwita Bi Harusi, kwa mapenzi tu, lakini jina lilimchoma, kwa sababu harusi yenyewe ilishakuwa ya zamani na hakuna mtoto aliyekuja kulifuta. Safari hii daktari hakumung'unya maneno. Hakuna kupanda pikipiki, hakuna kubanana kwenye mabasi, na kliniki asikose. Hospitali ilikuwa mbali. Sindano akapiga moyo konde kwamba atanunua gari, liwe bovu liwe zima, ili mradi mkewe akae ametulia mpaka mtoto azaliwe.

Mtu mwingine angekwenda na makanika. Na makanika alikuwepo, rafiki yake wa gereji ya jirani, aliyemsihi asitoe hela yoyote kabla yeye hajalala chini ya hilo gari akalitazama. Sindano alicheka. Kwa imani yake gari hujulikana kwa viti. Kiti cha dereva kilichobonyea kitakwambia limetembea sana hata kama mita imerudishwa nyuma, na kiti chenye madoa kitakwambia mwenyewe ni mzembe, na mzembe habadilishi oili. Yeye, ambaye riziki yake yote ilitokana na kubadilisha viti, hakujiuliza kama na hivi vilibadilishwa.

Dalali alikuwa na mdomo wa asali. "Lilikuwa la mama mmoja mtu mzima, bosi wangu. Nyumbani na sokoni, basi."

"Sasa mbona anauza bei ya kutupa?"

"Halihitaji tena," alijibu dalali, akageuka kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Viti vilikuwa safi. Rangi iling'aa. Kasoro ilikuwa moja tu, ya kiti cha nyuma upande wa kushoto, ambapo mkanda ulikuwa umekatwa. Kipande kimoja kilining'inia juu, kingine kilibaki kwenye kifungio. Dalali akasema ni panya. Sindano akaishika ile ncha akaiviringisha kwenye vidole. Panya hutafuna, akiacha nyuzi zimechambuka. Mkanda huu ulikatwa kwa kisu kikali, mshazari, na mtu mwenye haraka. Alilijua hilo palepale. Lakini alishajiona anampeleka mkewe kliniki huku majirani wanachungulia, kwa hiyo akajitia hamnazo, akalipa.

Makanika alipouona mkanda ule alitikisa kichwa. "Kanunue mwingine kwenye vyuma chakavu, ndugu yangu. Mkanda haushonwi."

"Mimi? Mimi nikanunue mkanda?"

Akaushona mwenyewe, mchana huohuo, kwa uzi mnene wa nailoni, mstari juu ya mstari, kisha mistari ya kukatisha. Alipomaliza aliweka mguu kwenye fremu ya mlango akauvuta kwa uzito wake wote. Haukucheza. Akamwita mkewe aje auone, na mkewe akasema kwa utani kwamba hata kitanda chao hakijawahi kupata huduma kama hiyo.

Daktari alikuwa amesema akae nyuma, kwa hiyo kiti hicho kikawa chake. Safari za kwanza zilikuwa raha tupu. Bi Harusi alipungia watu mkono dirishani, na Sindano akaendesha taratibu mno hata wapanda baiskeli wakampita. Baadaye mkewe akaanza kusema mkanda unambana. Si sana. "Unanikumbatia," alisema akicheka. Sindano akaulegeza. Safari iliyofuata ulibana tena, na safari hiyo hakucheka.

Kisha Sindano akaliona bonde kitini. Fundi wa viti hawezi kukosa kuliona. Sponji huchukua umbo la anayelikalia, na mkewe alikuwa mwembamba, mtu wa kukaa nusu kiti. Bonde lililokuwa kwenye kiti kile lilikuwa la mtu mnene, aliyekaa muda mrefu, ameegemea mlango. Sindano akang'oa kava, akatoa sponji, akaweka jipya gumu la kuvunja mkono. Gari likalala limefungwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

Asubuhi bonde lilikuwepo.

Alilishika. Lilikuwa na joto.

Hakumwambia mkewe. Alimwita makanika, akamwonyesha lile bonde, akamwomba alifanye lile alilomkatalia mwanzo. Makanika akalala chini ya gari kwa muda, tochi ikipita huku na huku, halafu tochi ikasimama. Alipotoka hakujifuta mikono. Alimvuta Sindano mbali na mlango wa gari, akazungumza kwa sauti ya chini, jicho moja likiwa kwenye kioo cha nyuma.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hili gari lilipinduka. Ubavu wote wa kushoto umechomelewa, juu wamejaza puti na kupiga rangi, na kwenye maungio kuna matope yamekauka. Lilikuwa majini."

"Na mkanda?"

Makanika akaizima tochi. "Wewe unaujua mkanda kuliko mimi. Kuna mtu alinasa humo. Wakaukata wamtoe."

"Walimtoa mzima?"

"Mzima mtu haachi bonde, ndugu yangu." Akatazama kiti cha nyuma. "Walimfungua. Na wewe umemfunga tena."

Sindano alikubali kwamba kesho yake angeung'oa mkanda wote, na gari lisitoke mpaka hapo. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimchelewesha. Angeung'oa saa ileile, mkewe angeuliza, na yeye angelazimika kusema kwamba alijua tangu siku ya kwanza kwamba si panya.

Uchungu ukamshika Bi Harusi kesho yake mchana, kabla ya wakati wake. Jirani mwenye gari hakuwepo, teksi zote simu zilikuwa hazipokelewi. Damu ilishaanza kuonekana. Ikabaki kufa au kupona. Sindano akambeba mkewe mpaka garini, akamkalisha nyuma, akamwambia kwa ukali ambao mkewe hakuuelewa, "Usifunge mkanda. Umenisikia? Usiuguse."

Hakuugusa.

Walipopinda kuingia barabara kubwa, Sindano alisikia mlio nyuma yake. Mlio mdogo, wa kifungio kinapopokea chuma chake.

"Umefunga?"

"Sijafunga," mkewe alisema. "Umejifunga wenyewe."

Jua lilikuwa linawaka. Watu walikuwa wanauza vitu kando ya barabara, shule imetoka, watoto wanavuka wakisukumana. Ndani ya gari kukawa baridi. Vioo vya nyuma vikaota ukungu kwa ndani, na harufu ya matope mabichi ikapanda kutoka kwenye viti ambavyo yeye mwenyewe aliviosha.

"Unabana," mkewe akanong'ona.

"Vuta pumzi. Tunafika."

"Unabana tumbo."

Alikanyaga mafuta. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma aliuona uso wa mkewe, umejaa jasho, na kichwa chake kimeinuka juu kuliko kawaida. Kana kwamba hakukaa kwenye kiti. Kana kwamba kuna kitu kati yake na kiti.

"Kuna mtu ananisemesha sikioni," mkewe alinong'ona.

"Anasemaje?"

"Anasema kata."

Sindano aliingia geti la hospitali akipiga honi mfululizo. Mlinzi akaja mbio na kiti cha magurudumu, muuguzi akifuata. Wakafungua mlango. Muuguzi akabonyeza kifungio, kikagoma. Akabonyeza tena. Mkanda ulikuwa umezama kwenye gauni, juu ya tumbo, na ulikuwa unaendelea kuingia. Mlinzi aliinama kusaidia, akatazama ndani, akarudi nyuma hatua moja. Hakupiga kelele. Alimgusa Sindano bega kwa adabu.

"Kaka, huyo mama aliyempakata shemeji, mwambie amwachie."

Sindano alitazama. Aliona mkewe tu.

Akachomoa mkasi wa kazi kwenye mfuko wa mlango, ule mkubwa wa kukatia ngozi, akauingiza kati ya mkanda na gauni. Uzi wake mwenyewe ulimgomea, mstari juu ya mstari, na kwa mara ya kwanza maishani akailaani kazi yake nzuri. Akahamia pembeni ya mshono. Akakaza meno. Mkanda ukakatika, na katika kukatika huko gari zima likatoa pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. Mkewe akadondoka kitini, chini, kama mtu aliyeachiwa na mikono.

Mtoto alizaliwa jioni hiyo. Wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Sindano alilia mbele ya wauguzi bila kujificha, na alipoulizwa jina la mama, akasahau jina la mkewe mwenyewe akasema Bi Harusi, wote wakacheka. Kisha, akiwa bado anashika mkono wa mkewe, alimweleza habari ya mkanda na panya. Mkewe aliuondoa mkono wake. "Ulijua," alisema, na hakulirudia tena neno hilo.

Dalali alikuwa tayari kulichukua gari. Alikuwa hata na mteja, mwalimu mwenye watoto wadogo, ambaye alishalizunguka na kulisifia rangi. Sindano angeweza kurudishiwa hela yake karibu yote. Alimwangalia yule mwalimu akifungua mlango wa nyuma ili kujaribu kiti, akamvuta mkono akamtoa. Gari akalipeleka yadi ya vyuma chakavu, akasimama pale mpaka lilipokatwa vipandevipande, na kipande cha kushoto akaomba kikatwe tena. Mtaa mzima ulimcheka. Alirudi nyumbani kwa miguu akiwa mtu asiye na gari wala akiba, na alijiona amepona.

Mtoto anakua vizuri. Ananyonya, ananenepa, na majirani sasa wanamwita mama yake kwa jina la mtoto. Kitu kimoja tu hakisemwi mbele ya wageni. Akilazwa chali, blanketi lake hujikunja. Mkunjo huanzia bega la kushoto, ukashuka mshazari mpaka kiunoni, upana wa vidole vichache, ukabonyea. Mtoto hukoma kurusha mikono. Hatulii kwa usingizi. Hutulia akiwa macho, akiangalia juu.

Kwa hiyo kila akimlaza, baba yake huchukua mkasi na kuupitisha hewani juu ya kifua cha mtoto, taratibu, mahali pasipo na kitu. Mkewe hugeukia ukutani. Wote wawili husikia. Ni sauti ambayo fundi viti hawezi kuikosea, ya mkanda mnene unapokatika. Blanketi hunyooka, na mtoto hurusha mikono tena.

Mkasi huo umeshanolewa mara nyingi. Jana alipoupitisha, haukukata.