Mjuaji na Mlango wa Banda la Gari

Jirani zangu, na hasa nyinyi akina baba mnaopenda kufungua vitu vilivyofungwa vizuri, sogezeni viti. Leo nawahadithia habari za nyumba inayopakana na yangu, tena kwa ruhusa ya wenyewe. Mama Pacha mwenyewe aliniambia, "Shoga, waambie. Ila usimwonee sana mume wangu." Nitajitahidi, ingawa ahadi sitoi.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko. Mtaa ulikuwa umetulia, na watoto wake pacha walikuwa wamekwenda kwa bibi yao. Mimi ni fundi cherehani, basi nilibeba mapazia ya mteja nikaenda kukaa kibarazani kwa Mama Pacha, nipige mapindo huku tukipiga soga. Yeye alikuwa akimenya vitunguu huku machozi yanamtoka. Uani, karibu kabisa na tulipokaa, mume wake alikuwa akiosha gari. Walikuwa wamelinunua wiki ile ile, si jipya, limeshapita mikono ya watu, lakini alivyokuwa akilipangusa ungedhani ni mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mume huyo mtaa mzima tunamwita Mjuaji. Anauza vigae vya bafuni, na ukienda dukani kwake kutafuta vigae atakueleza pia namna ya kutibu mafua, kulea watoto na kumzoesha mbwa asibweke. Si mtu mbaya hata kidogo. Ana mkono wazi, ana utani, na mke wake anampenda bila kificho. Ila haelekezwi. Fundi alipokuja kuwawekea mlango wa umeme kwenye banda la gari, ule unaopanda juu wenyewe ukibonyeza rimoti, Mjuaji ndiye aliyemfundisha fundi kazi. Fundi alitaka kuweka kitufe ukutani kwa ndani. Mjuaji akasema huko ni kupoteza waya, rimoti yatosha. Fundi alipoondoka, Mjuaji akaona kamba nyekundu inaning'inia kutoka kwenye reli ya mota, ile ya juu inayouvuta mlango, akaona inaharibu sura ya banda. Akajiambia ni ya kusafirishia tu, kama zile nailoni za viti vipya. Akachukua mkasi akaikata, wala hakumwambia mtu.

Na mjue kwamba banda lile limejitenga na nyumba. Halina dirisha, wala halina mlango mwingine.

Sasa asubuhi hiyo, akiwa anapangusa kile kioo cha katikati ambacho dereva huangalizia nyuma, akagundua vitufe vitatu vidogo chini yake. Alitujia mbio, kitambaa kinamdondoshea maji miguuni.

"Mama Pacha! Kumbe gari hili lina rimoti yake ndani! Ukilifundisha mara moja tu, unabonyeza pale pale kwenye kioo, mlango unapanda. Mambo ya kuchimbachimba mkoba wako kutafuta rimoti, basi tena!"

"Mkoba wangu umekukosea nini?" mkewe akauliza.

"Nipeni muda kidogo tu."

"Kijitabu cha gari si kipo kwenye droo yake? Njoo nikusomee. Wewe ukae garini, mimi nipande ngazi nishughulikie mota. Naona kama ni kazi ya watu wawili hiyo."

"Kijitabu cha nini, mke wangu? Vile wanaandikiwa wageni. Nyinyi kaeni hapo hapo. Mtaona mlango unapanda, halafu natokea mimi kama bwana harusi."

Nikamwambia, "Shemeji, bwana harusi akichelewa tuondoke zetu?"

Akacheka kuliko sisi. Akaingiza gari bandani, akafunga mlango kwa rimoti ili tusimchungulie. Sisi tukarudi kwenye soga letu.

Yaliyotokea mle ndani tuliyapata baadaye kwa mdomo wake mwenyewe. Aliliacha gari likinguruma, akiamini kioo hakipati umeme bila injini kuwaka, kumbe kugeuza ufunguo tu kungetosha. Akasogeza rimoti karibu na kioo, akabonyeza kitufe cha rimoti na cha kioo kwa pamoja mpaka kitaa kidogo cha kioo kikaanza kukonyeza haraka haraka. Hapo alipatia, tumpe haki yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuitambulisha mota kwa gari. Juu ya mota kuna kitufe ambacho hubonyezwa mara moja na kuachiwa, halafu unarudi garini upesi kubonyeza kile cha kioo. Mjuaji alipanda ngazi akakibonyeza, akakishikilia, akazidi kukishikilia, kwa hoja kwamba chuma hakibembelezwi. Kitaa cha mota kikawaka, kisha kikazima.

Basi hivyo ndivyo mota ile inavyoambiwa isahau kila kitu. Ikalisahau gari, ikaisahau na rimoti. Mjuaji akashuka, akabonyeza kioo, kimya. Akabonyeza rimoti, kimya. Na kitufe cha ukutani aliwahi kukikataa kwa kinywa chake.

Hapo, jirani zangu, mtu mwingine angepiga kelele. Tulikuwa karibu naye kiasi kwamba alisikia tukicheka habari zetu. Lakini aliona tukija tutamcheka yeye. Akarudi kwenye gari, bado linanguruma, akabonyeza tena. Akapanda ngazi, akashuka, akabonyeza. Moshi wa gari ulikuwa unajaa polepole, na yeye jasho linamtoka akidhani ni hasira tu.

Mama Pacha ndiye aliyeacha kisu kwanza. "Mbona gari linanguruma na mlango umefungwa?"

Akaenda kugonga. "Baba Pacha, unaendeleaje huko?"

"Vizuri! Bado kidogo!"

Akarudi, lakini vitunguu hakuvigusa tena. Mimi nilikuwa namalizia pindo la pazia moja alipoinuka mara ya pili, nami nikamfuata. Chini ya mlango kulikuwa kunatoka harufu ya moshi.

"Baba Pacha, uko sawa?"

"Najua ninachofanya." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Zima gari."

"Nikilizima nitaanza upya. Kichwa kinaniuma tu kidogo. Ni njaa."

Uso wa Mama Pacha ulibadilika nikauona. Niliogopa, siwafichi. Nilimpigia simu yule fundi wa mlango, nikaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Hakuuliza maswali mengi. "Azime gari sasa hivi," alisema. "Halafu avute kamba nyekundu iliyo kwenye reli. Mlango utaachana na mota, mtauinua kwa mikono."

Mama Pacha alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye upenyo wa chini. "Mume wangu, zima gari. Sikuombi, nakuambia."

Tukasikia injini inanyamaza.

"Haya. Sasa vuta kamba nyekundu."

Mama Pacha akagonga mlango.

"Umesikia? Kamba nyekundu, kwenye reli."

"Haipo."

"Haipo vipi?"

"Niliikata." Akakohoa kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake miaka yote ya ujirani wetu, "Mama Pacha, nimekwama. Nisaidie."

Nilitamani kulia. Mkewe hakulia, hakuwa na nafasi hiyo. Fundi akasema pale kamba ilipokuwa imefungwa kuna kishikio kidogo cha chuma, akivute chini kwa mkono. Mama Pacha akamwongoza mumewe hatua kwa hatua, kupitia mlango uliofungwa.

"Shika ngazi kwanza. Umeshika? Weka mguu. Usiharakishe. Sasa mguu mwingine. Unaona kishikio?"

"Nakiona. Kinazunguka."

"Hakizunguki, ni kichwa chako. Jiegemeze kwenye ngazi. Nyoosha mkono, vuta chini."

Yule mtu asiyeelekezwa alifuata kila neno. Tukasikia chuma kinalia, tak! Tukaingiza vidole chini ya mlango, shoga yangu upande mmoja na mimi upande wa pili, tukainua kwa nguvu zetu zote mpaka kucha yangu moja ikang'oka. Moshi ukatupiga usoni. Mjuaji alikuwa ameshuka ngazi na sasa yuko chini kwa magoti. Tukamburuta hadi uani, akatapika, akavuta hewa, akatapika tena.

Tukamkimbiza zahanati, wakamwekea barakoa ya hewa safi, wakakaa naye mpaka alasiri. Daktari alisema angekaa mle ndani zaidi kidogo angelala, na asingeamka. Alisema hivyo kwa upole, lakini maneno yenyewe hayakuwa na upole wowote. Ndipo Mama Pacha akalia.

"Ungeniacha mimi na watoto," alisema, "kwa ajili ya kitufe?"

Mjuaji akaisogeza barakoa pembeni. "Niliwasikia mnacheka. Nikaona mkija mtanicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Tungecheka sana. Halafu tungekufungulia."

Mjuaji aliushika mkono wa mkewe, na mimi nikajitia kuangalia nje dirishani.

Wiki iliyofuata nilialikwa kushuhudia. Fundi alikuwa ameshapita, ameweka kamba mpya na kitufe cha ukutani, na ameikumbusha mota rimoti yao. Lililobaki ni gari, na hilo walitaka kulifanya wenyewe. Gari lilisimama uani, hewani, injini imezimwa. Mjuaji alikaa ndani na kijitabu mapajani, anasoma kwa sauti hadi majirani wa ng'ambo ya barabara wakasikia. Mama Pacha alikuwa juu ya ngazi.

"Bonyeza mara moja, uachie!" akasoma Mjuaji.

"Nimeachia! Bonyeza wewe!"

Akabonyeza. Kimya. Nikamwona anafungua mdomo kueleza kwa nini, na wote tukamngoja. Akaufunga. Akashusha macho kwenye kijitabu.

"Hapa sijapaelewa," akasema. "Hebu shuka tusome pamoja."

Wakasoma, vichwa vimegusana kwenye dirisha la gari, wakagundua kitufe cha kioo ndicho kinachobonyezwa mara mbili au tatu, si mara moja. Mama Pacha akapanda tena. Safari hii mlango ukateremka wote mpaka chini, ukapanda tena wote mpaka juu, laini kabisa. Tukapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mjuaji.

FUNZO

Kwanza, la kuokoa roho leo hii: msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa muda mfupi, hata kwa jambo dogo. Kamba nyekundu ya mlango msiikate, na kila mtu nyumbani aoneshwe ilipo na jinsi inavyovutwa.

Pili, na hili ndilo lililonikalisha kuwasimulia: ujuaji ni maradhi ya nyumba. Huanza kwa mzaha, mtaa mzima tunacheka, mpaka siku mtu anapoona heri azimie kuliko kuchekwa na mke wake. Akina baba, na sisi akina mama ambao nasi tumo, kuchekwa na watu wanaokupenda hakuui. Nanyi mnaocheka, hakikisheni mwenzenu anajua kwamba mkishacheka mtamfungulia. Ukikwama, sema umekwama mapema, ukiwa bado una pumzi ya kusemea.